Somo kwa Wanandoa: Uwatu, Mvungunya na Ulimi wa Mume

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wake wengi hulinong'ona na waume wengi hulifanyia mzaha. Ni habari ya matiti ya mama baada ya kuzaa na kunyonyesha, pamoja na dawa za miti shamba zinazouzwa kwa ahadi ya kuyakuza au kuyarudisha kama yalivyokuwa usichanani. Tumeona vema tuliseme wazi, kwa adabu, kwa kuwa jambo lisilozungumzwa nyumbani huenda kutafutiwa majibu sokoni.

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa mume na mke. Mume ni mwalimu kutoka Ukambani, amepangiwa kazi Sangailu, katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, upande wa msitu wa Boni. Huko Wakatoliki ni wachache: mwalimu, muuguzi, askari, kila mmoja ametoka kwao mbali. Mke alimfuata mumewe na watoto wawili, na yule wa pili alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Tangu mimba hiyo mama ana ugonjwa wa kisukari, naye humeza vidonge kila siku.

Jioni moja mume alikuwa akinywa chai na wenzake nje ya nyumba. Mkewe akapita na beseni la nguo. Mume akasema kwa kicheko, "Mwaona Mama Watoto? Siku hizi amebaki kifua cha mvulana." Wenzake wakacheka. Mke naye akacheka, akaanika nguo. Usiku ule alilala ameuelekea ukuta, na mume hakuuliza kwa nini.

Mwezi uliofuata mama alikwenda Garissa mjini kununua vitu vya nyumbani. Katika soko la Suuq Mugdi alikuta mkebe wa unga wa uwatu uliochanganywa na mimea mingine. Muuzaji alimwambia kwamba una "homoni ya kike ya asili", kwamba hauna madhara kwa sababu ni majani tu, na kwamba vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni vitamrudishia kifua chake. Alitoa fedha za viatu vya mtoto, akanunua, akauficha mkebe nyuma ya gunia la unga wa ugali.

Siku ya kumi, usiku, mama alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka, moyo ulimwenda mbio, na maneno yakaanza kumchanganyikia. Mume alibabaika, asijue la kufanya. Aliyeokoa nyumba hiyo ni jirani yao, mama wa Kisomali. Aliingia, akainusa hewa ya chumba, akauliza, "Mwalimu, mkeo anakula hulbo?" Hulbo ndilo jina la uwatu kwao. Harufu yake haifichiki, kwani mtu aulaye kwa wingi hunukia uwatu hata katika jasho na mkojo. Kwa kuwa mgonjwa bado alikuwa na fahamu na aliweza kumeza, jirani alimnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, mpaka mtetemeko ukapungua. Asubuhi muuguzi wa zahanati alithibitisha: uwatu mwingi pamoja na vidonge vya kisukari vilishusha sukari ya damu kupita kiasi.

Tujifunze nini kutokana na mfano huu?

Kwanza: titi limeumbwaje

Titi ni mafuta, tezi za maziwa na nyuzi zinazovishikilia. Wakati wa mimba na kunyonyesha, tezi hukua. Mtoto akiachishwa ziwa, tezi hunywea, na mafuta huchukua miezi kadhaa kurudi, pengine yasirudi yote. Kwa hiyo mama anayejiona amepungua baada ya kuachisha hana ugonjwa wowote.

Tena si kweli kwamba kunyonyesha ndiko kunakolegeza matiti. Yanayolegeza ni mimba zenyewe, umri, unene unaopanda na kushuka, na uvutaji wa sigara. Mama asimnyime mtoto ziwa kwa kuogopa sura yake. Wala ukubwa wa titi si kipimo cha maziwa. Mama mwenye matiti madogo aweza kumshibisha mtoto wake vizuri, kwa sababu maziwa huja kadiri mtoto anavyonyonya.

Pili: uwatu na heshima yake

Hatuudharau uwatu. Katika pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Unguja, na miongoni mwa Wasomali, mzazi hutiliwa uwatu katika uji au mchuzi ili apate nguvu na maziwa. Hata jirani yule alikuwa amemletea mama huyu uji wa uwatu siku za uzazi, kwa upendo. Tafiti chache zilizofanywa zaonyesha kwamba huenda ukaongeza maziwa kidogo kwa baadhi ya akina mama. Lakini kuongeza maziwa ya mzazi si sawa na kukuza matiti ya mama asiyenyonyesha. Hilo la pili halijathibitishwa.

Uwatu wa kutia katika chakula ni kiungo. Uwatu wa vijiko sita kwa siku ni dawa, na kila dawa ina masharti yake. Mwenye kisukari anayetumia vidonge au sindano ajihadhari. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda ajihadhari vilevile. Mjamzito asiunywe kwa wingi, maana waweza kusisimua tumbo la uzazi. Na anayedhurika na karanga au dengu aweza kudhurika na uwatu pia, kwa kuwa ni wa jamii moja ya mimea.

Tatu: "homoni ya mimea" ni nini?

Wauzaji husema kweli nusu. Ipo mimea yenye viini vinavyofanana kidogo na estrojeni, homoni ya kike. Soya inavyo, navyo huitwa isoflavoni. Lakini nguvu ya viini hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na estrojeni ya mwili wenyewe. Katika nchi za Asia watu wamekula soya karne nyingi, na matiti yao hayakukua kwa sababu hiyo.

Uwatu nao una kiini kiitwacho diosjenini. Miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alichukua diosjenini kutoka viazi vikuu vya mwitu vya Mexico akatengenezea homoni ya projesteroni. Hapo ndipo watu wengi walipodhani kwamba anayekula mmea huo anakula homoni. Sivyo. Marker alitumia kemikali na mitambo ya maabara. Tumbo la binadamu haliwezi kazi hiyo.

Nne: mvungunya

Wengine hutumia tunda la mvungunya, ambao huitwa pia mwegea. Wakikuyu huuita muratina na Waluo yago. Ni mti wa kandokando ya mito, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa kamba. Katika sehemu nyingi za Afrika, tunda hilo limesagwa na kupakwa kifuani ili kukuza au kukaza matiti, na siku hizi viwanda vya vipodozi hutia dondoo lake katika krimu. Mti huu una faida zake, na watengenezaji wa pombe ya muratina wanaufahamu. Lakini hakuna uthibitisho wa kuaminika kwamba hukuza titi la mwanamke. Na tunda bichi ni sumu likiliwa; lisitiwe kinywani kamwe.

Tano: hatari iliyofichwa mkebeni

Hatari kubwa kuliko mmea ni kutojua kilichochanganywa nao. Baadhi ya vidonge vya kunenepesha mwili vinavyouzwa mitaani Afrika Mashariki ni deksamethasoni, dawa kali ya hospitali. Mtu hunona uso na mwili, akafurahi, kumbe shinikizo la damu na sukari vinapanda, mifupa inadhoofika, na mwili unasahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Basi tazama kama dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na kama imeandikwa vilivyomo. Mkebe usio na maandishi, uuache kwa mwenyewe.

Jambo jingine ni zito zaidi. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa kwa wingi kuliko nyingine miongoni mwa wanawake wa Kenya. Mama aliyewahi kuugua asitumie dawa hizi bila ushauri wa daktari. Na kila mama ayajue matiti yake. Akiona uvimbe, damu kutoka kwenye chuchu, chuchu iliyoingia ndani ghafla, ngozi kama ganda la chungwa, au titi moja kubadilika peke yake, aende hospitali upesi. Asipake kitu kwanza ili aone.

Sita: ulimi wa mume

Sasa tuje kwa akina baba. Ugonjwa wa nyumba ile haukuanzia Suuq Mugdi. Ulianzia kwenye chai. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mwili ambao mume aliucheka mbele ya wenzake ndio mwili uliobeba watoto wake na kuwalisha. Yale mabadiliko aliyoyafanyia mzaha ni alama za kazi aliyomfanyia.

Kitabu cha Mithali, sura ya 5, chamtaka mume amfurahie mke wa ujana wake. Angalieni vizuri: ni mke wa ujana wake, wala si ujana wa mkewe. Ujana unapita kwa wote wawili. Mume naye akijitazama, ataona tumbo ambalo halikuwapo siku ya arusi, na mkewe hajalitangaza kijijini.

Kwa akina mama: kupenda kupendeza si dhambi. Vaeni vizuri, sidiria inayofaa, kuleni vizuri, fanyeni mazoezi ya kifua, ambayo hukaza misuli iliyo chini ya titi ingawa hayalikuzi titi lenyewe. Lakini msifiche dawa, wala msifiche uchungu. Mama yule angemwambia mumewe usiku uleule, "Baba Watoto, neno lako limeniumiza," huenda mkebe usingenunuliwa.

Mwisho wa mfano

Mama alipopata nafuu, mume aliuona mkebe mezani. Akataka kukasirika kwa habari ya fedha za viatu. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Mke akajibu, "Ningekuambia nini, nawe ndiwe uliyesema?" Mume alinyamaza muda mrefu. Jioni wenzake walipokuja kunywa chai, alimwita mkewe, akasema mbele yao, "Siku ile nilisema neno baya juu ya mke wangu. Nisameheni, naye anisamehe." Kosa lililotendwa hadharani halikuombewa radhi gizani. Mke hakusema kitu. Alileta kiti chake, akaketi pamoja nao.

Maswali ya kujadiliana mume na mke

1. Je, kuna mzaha juu ya mwili wa mwenzangu niliowahi kuutoa mbele ya watu? Nimeuomba radhi?

2. Je, kuna dawa yoyote, ya hospitali au ya miti shamba, ninayoitumia bila mwenzangu kujua? Kwa nini?

3. Mwenzangu ana ugonjwa gani unaohitaji tahadhari, nami najua la kufanya akizidiwa usiku?

4. Ni lini mara ya mwisho nilimwambia kwamba anapendeza, bila yeye kuniuliza?