Gurudumu la Umeme: Namna ya Kulirekebisha na Kulitunza kwa Starehe na Usalama

Utangulizi

Mtoto anayesimamisha ufito juu ya kiganja chake hugundua upesi kanuni moja. Ufito ukianza kuinama mbele, hana budi kuupeleka mkono mbele kwa haraka, ili kiganja kirudi chini ya kitovu cha uzito. Akichelewa, ufito huanguka. Wanafizikia huuita mfumo wa namna hii pendulumu iliyopinduliwa. Gurudumu la umeme, yaani chombo cha gurudumu moja ambacho mtu husimama juu yake na kusafiri, linafuata kanuni hiyo hiyo: mpandaji ndiye ufito, gurudumu ndilo kiganja, na mota ya umeme ndiyo misuli ya mkono.

Vyombo vinavyojisawazisha vilianza kufahamika kwa watu wengi mwaka 2001, wakati Dean Kamen wa Marekani alipoonyesha Segway, yenye magurudumu mawili yaliyo sambamba. Utengenezaji wa Segway ya asili ulikoma mwaka 2020. Mwaka 2011 mvumbuzi Shane Chen, wa jimbo la Washington nchini Marekani, alileta sokoni Solowheel, yenye gurudumu moja tu katikati ya miguu miwili. Tangu hapo viwanda vya China vimekiendeleza sana chombo hiki, na kuanzia mwaka 2020 yametokea magurudumu yenye springi za kupunguza mtikisiko.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi chombo hiki kinavyoweza kurekebishwa kulingana na mwili wa mpandaji, na jinsi kinavyotunzwa. Itadhihirika kwamba starehe na usalama havitenganiki, na kwamba marekebisho mengine yanayoongeza starehe yanaweza pia kumkaribisha mpandaji kwenye hatari asiyoiona.

Jinsi gurudumu linavyosimama

Ndani ya chombo hiki mna sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni mota iliyojengwa ndani ya gurudumu lenyewe, isiyo na mnyororo wala gia. Ya pili ni betri ya litiamu. Ya tatu ni bodi ya uongozi, ambayo ina vipimio vidogo vya kutambua mwinamo na kiasi cha mzunguko. Mpandaji akiegemea mbele, vipimio huarifu, na bodi huiamuru mota kuzungusha gurudumu kwa kasi zaidi ili liwahi kurudi chini yake. Akiegemea nyuma, mota hugeuka kuwa breki na kurudisha sehemu ya nishati katika betri.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, mota husawazisha mbele na nyuma tu. Kusawazisha kulia na kushoto ni kazi ya mpandaji mwenyewe, kama ilivyo kwa baiskeli. Pili, chombo hiki hakina breki nyingine. Mota ndiyo inayoendesha, ndiyo inayofunga breki, na ndiyo inayomsimamisha mtu wima. Nguvu yake ikiisha, hata kwa nusu sekunde, vyote vitatu hukoma kwa pamoja.

Akiba ya nguvu

Mota inapozunguka huzaa umeme wake yenyewe unaopingana na ule wa betri. Kadiri kasi inavyoongezeka, ndivyo umeme huo wa upinzani unavyoongezeka, mpaka ulingane na volti za betri. Hapo mota haina tena nguvu ya kusukuma. Kwa hiyo nguvu inayobaki kwa dharura hutegemea tofauti kati ya volti za betri na volti za upinzani.

Tuchukue mfano wa betri yenye seli 20 zilizofuatana. Seli moja ya litiamu iliyojaa ina volti 4.2, kwa hiyo betri nzima ina volti 84. Tuseme gurudumu hili, likiinuliwa lisiguse ardhi, hufikia kasi ya kilometa 60 kwa saa na kukoma kuongeza. Maana yake ni kwamba kila kilometa moja kwa saa huzaa upinzani wa volti 1.4. Mpandaji akienda kilometa 40 kwa saa, upinzani ni volti 56, na akiba ni volti 28.

Baada ya safari ndefu, seli zimeshuka hadi volti 3.3 kila moja, na betri ina volti 66. Volti zimepungua kwa takriban sehemu moja ya tano tu. Lakini kwa kasi ile ile ya kilometa 40, akiba sasa ni volti 66 kutoa 56, yaani volti 10. Akiba imepungua hadi karibu theluthi moja ya ile ya mwanzo. Zaidi ya hayo, betri inapotoa mkondo mkubwa, volti zake hushuka kwa sababu ya ukinzani wa ndani. Ukinzani huo ukiwa omu 0.15 na mkondo ukiwa ampea 40, volti 6 hupotea papo hapo. Shimo dogo la barabarani linatosha kumaliza kilichobaki.

Sasa mpandaji huyo apunguze mwendo hadi kilometa 25 kwa saa. Upinzani ni volti 35, na akiba yake ni volti 31, ambayo ni kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kwa betri iliyojaa akienda kilometa 40. Hesabu hii fupi ndiyo msingi wa usalama wote wa chombo hiki: betri ikishuka, mwendo nao ushuke.

Tairi

Rekebisho la kwanza la starehe ni upepo wa tairi, nalo halina gharama ila pampu na kipimo. Mpandaji wa kilo 75 na gurudumu la kilo 25 kwa pamoja huikandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 980 hivi. Kwa kukadiria, bila kuhesabu ugumu wa kuta za tairi, upepo wa pauni 36 kwa inchi mraba huifanya tairi iguse ardhi kwa eneo la sentimeta mraba 39. Ukipunguzwa hadi pauni 22, eneo hilo huwa sentimeta mraba 65.

Tairi ngumu mno hupeleka kila kokoto kwenye nyayo na magoti, na hushika ardhi kidogo. Tairi laini mno hulifanya gurudumu kuwa zito kugeuka, hula nishati, na kwenye ukingo wa lami mpira wa ndani hubanwa kati ya ringi na ardhi ukapasuka. Njia bora ni kuanza na pauni 36 hivi, kisha kupunguza pauni mbili kwa kila jaribio mpaka mtikisiko uwe wa kustahimilika, bila ringi kugonga. Mtu mzito aanze juu zaidi, na mwepesi chini, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Upimaji ufanywe tairi ikiwa baridi, kwani jua na mwendo hupandisha kanieneo.

Kwa magurudumu yenye springi, springi iwekwe kulingana na uzito wa mpandaji, ili akisimama tuli ishuke kwa robo hadi theluthi ya urefu wake wa kucheza.

Nyayo na pedali

Wanaoanza hulalamika kwamba nyayo zinakufa ganzi. Mara nyingi sababu ni vidole vinavyong'ang'ania pedali kwa hofu, na hali hiyo hupungua kwa mazoezi. Viatu vyenye soli pana na imara, pedali pana, na kushuka kupumzika kila baada ya dakika chache husaidia. Magoti yawe yamekunjwa kidogo, maana hayo ndiyo springi bora kuliko zote.

Mahali pa unyayo pana umuhimu mkubwa. Tuseme unyayo una urefu wa sentimeta 28. Ekseli ikiwa katikati, sentimeta 14 ziko mbele yake na 14 nyuma. Mpandaji akiusogeza unyayo mbele kwa sentimeta 4, nyuma hubaki sentimeta 10 tu, na uwezo wake wa kufunga breki kwa kukandamiza visigino hupungua kwa zaidi ya robo. Anayeona kwamba breki yake ni dhaifu achunguze kwanza nyayo zake kabla ya kuilaumu mota.

Viegemeo vya miguu

Wapandaji wengi hubandika viegemeo vya sponji ngumu ubavuni mwa chombo, kimoja mbele ya muundi wa mguu na kingine nyuma ya shavu la mguu. Viegemeo hivi humwezesha mtu kusukuma chombo kwa mguu mzima badala ya vidole na visigino peke yake. Uchovu hupungua sana, na kufunga breki huwa rahisi.

Kabla ya kuvibandika moja kwa moja, vishikizwe kwa utepe wa kunata, vijaribiwe mwendo wa polepole, visogezwe kidogo kidogo mpaka vikae vema. Mtu akisimama kwa utulivu, pabaki nafasi ndogo kati ya mguu na kiegemeo. Miguu isifungwe wala kubanwa kwa namna yoyote, kwani ni lazima mpandaji aweze kuruka chini mara moja.

Hapa ndipo ilipo hatari iliyotajwa mwanzoni. Vidole vya mguu vina mpaka wa nguvu, na mpaka huo humkinga mpandaji bila yeye kujua. Kiegemeo kinauondoa mpaka huo. Sasa mtu anaweza kuidai mota nguvu kubwa kuliko akiba yake, hasa betri ikiwa imeshuka. Mota ikishindwa, pedali za mbele huporomoka na mpandaji hutupwa mbele. Basi anayeongeza viegemeo aongeze pia kiasi, na kamwe asizime king'ora cha tahadhari wala utaratibu wa kuinua pedali za mbele mwendo unapozidi.

Marekebisho kwa njia ya simu

Magurudumu mengi huwekwa sawa kwa programu ya simu. Mambo makuu ni matatu: ugumu wa pedali, pembe ya pedali, na kasi ambayo king'ora kitalia. Pedali ngumu hubaki tambarare na hujibu upesi; laini hunesa kidogo na kuchosha kidogo. Kabla ya kubadili pembe, chombo kisimamishwe wima na kuhakikishwa kwa pimamaji la fundi mwashi. Libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha lijaribiwe kwenye uwanja mtupu.

Wapo wanaoweka kiti. Nao wakumbuke ule ufito: mfupi huanguka upesi kuliko mrefu. Aliyeketi ameshusha kitovu chake cha uzito, hivyo hana budi kujifunza upya.

Utunzaji wa betri

Betri ndiyo sehemu ghali, na ndiyo inayoweza kuwaka. Kanuni zake ni hizi:

1. Itumike chaja ya volti zinazostahili. Chaja ya volti 100.8, iliyokusudiwa seli 24, ni hatari kwa betri ya volti 84.
2. Isichajiwe ikiwa bado moto kutokana na safari au jua. Iachwe ipoe kwanza.
3. Ikihifadhiwa kwa majuma mengi, ibaki na nusu ya chaji hivi, mahali penye ubaridi na pakavu.
4. Mara kwa mara ijazwe kabisa, ili seli zote zilingane. Seli dhaifu moja huudhoofisha mfululizo mzima.
5. Isichajiwe karibu na mlango wa kutokea, wala watu wakiwa wamelala.
6. Iliyozama majini, iliyovimba, au inayotoa harufu isiyo ya kawaida isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, watu waondoke kwanza, kwani moshi huo ni sumu.

Aidha, mtu asianze mteremko mrefu betri ikiwa imejaa. Kilo 100 zikishuka meta 100 hutoa jouli 98,000, yaani karibu wati-saa 27. Sehemu ya nishati hiyo hurudi katika betri wakati wa kufunga breki, na betri iliyojaa haina pa kuiweka. Volti zikizidi, chombo kinaweza kujizima.

Utunzaji wa sehemu nyingine

Kila siku, kabla ya kupanda, upimwe upepo na ichunguzwe tairi kama ina mwiba au mpasuko. Kila juma zikazwe nati za pedali, na waya unaoingia kwenye ekseli ukaguliwe usiwe umekwaruzwa. Waya huo ukikatika, mota hufa. Gurudumu liinuliwe na kuzungushwa kwa mkono likiwa limezimwa: mlio wa kukwaruza au mchezo wa kando ni dalili ya beringi zilizochakaa. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa maji ya bomba yenye kasi. Kuziba pancha ni kazi ambayo fundi wa baiskeli anaiweza, ila afundishwe kutenganisha waya wa mota bila kuuvuta. Kufungua betri si kazi yake.

Hitimisho

Gurudumu la umeme ni somo la fizikia linalotembea. Tairi, nyayo, viegemeo na programu huweza kulifanya litulie kama kiti cha nyumbani, lakini hakuna hata kimoja kinachoongeza volti. Utulivu usimsahaulishe mpandaji hesabu ya akiba. Kofia ngumu, vikinga mikono na vikinga magoti vivaliwe kila safari, hata iliyo fupi. Kanuni hii ya volti kupungua na nguvu kupungua zaidi inahusu pia pikipiki na bajaji za umeme. Tofauti ni kwamba hizo zikiishiwa nguvu husimama, na hili huanguka.

Zoezi

Gurudumu lenye seli 24 hufikia kilometa 72 kwa saa likiinuliwa betri ikiwa imejaa. Tafuta akiba ya volti kwa mwendo wa kilometa 45 kwa saa, kwanza betri ikiwa imejaa, kisha kila seli ikiwa na volti 3.3. Mpandaji apunguze mwendo hadi kiasi gani ili akiba yake ya pili ilingane na ile ya kwanza?