Softiboli ya Chuo Marekani: Nani Muuzaji, Nani Mnunuzi?

Tunaishi Texas. Binti yetu wa sekondari anasifiwa kila uwanja anaocheza, na watu wanasema softiboli itamsomesha bure. Tuwaamini?

Waaminini nusu. Softiboli haijawahi kuwa mchezo wa kumsomesha kila mchezaji bure. Hadi msimu wa 2024–25, timu ya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusiwa ufadhili kamili 12 tu, na kocha aliukata vipande kwa kikosi cha wasichana 20 na ushei. Mrushaji mkali alipata pande nono, mlinzi wa pembeni akaambulia pesa za vitabu. Divisheni ya Pili, kiwango chake ni 7.2. Divisheni ya Tatu, yenye vyuo vingi kuliko nyingine, haitoi hata senti kwa ajili ya michezo, na vyuo vya kifahari vya Ivy League hali kadhalika. Wanaogombea nao ni wengi: sekondari za Marekani zina wachezaji zaidi ya 300,000, wakati timu zote za NCAA kwa pamoja zina nafasi kama 20,000.

Kwa hesabu hiyo, familia nyingi zinazojiona zinauza kipaji kwa kweli zinanunua elimu, na kipaji cha binti kinawapatia punguzo la bei. Muuzaji hukaa akingoja mteja na kufurahia sifa. Mnunuzi huuliza bei, hupita duka kwa duka, na bidhaa isipomfaa huondoka. Tuseme chuo kinatoza dola 70,000 kwa mwaka na kinampa binti 15,000. Barua yake inapendeza kuisoma, lakini bado mnadaiwa 55,000, na huenda chuo cha umma cha jimbo lenu, kisichompa kitu kwa softiboli, kikawa nafuu kuliko hapo. Tena msaada unaotolewa kwa maksi nzuri haujali kama goti limeumia.

Lakini kanuni zimebadilika, na kuna mchezaji aliyelipwa zaidi ya dola milioni moja. Soko si limekua?

Limekua, ila kwa walio juu. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyohusu malipo kwa wachezaji wa vyuo. Kwa vyuo vilivyoyakubali, kikomo cha ufadhili kiliondolewa, kikaja kikomo cha kikosi: wachezaji 25, na chuo kikitaka kinaweza kuwasomesha wote. Hapo penye "kikitaka" ndipo pa kusimama, kwa sababu ruhusa ya kutumia pesa si pesa yenyewe, na kwenye vyuo vingi softiboli hula baada ya futiboli ya Kimarekani na kikapu. Zamani kocha aliweza kumwachia msichana wa 26 afanye mazoezi bila ufadhili, akisubiri zamu yake. Sasa huyo hana hata mlango wa kupitia.

Mchezaji wa milioni ni NiJaree Canady, mrushaji aliyehama Stanford kwenda Texas Tech mwaka 2024, akaifikisha timu hiyo fainali ya ubingwa wa vyuo ya mwaka 2025, iliyochukuliwa na Chuo Kikuu cha Texas. Wanaomtaja kama ushahidi wa neema husahau kwamba alilipwa akiwa tayari ameshatamba chuoni. Hilo ndilo tatizo la binti yenu. Mchezaji anaweza kuhama bila kukaa msimu mzima nje, na tangu 2024 idadi ya kuhama haina kikomo. Kocha anayetaka mrushaji anafungua orodha ya wanaohama na kumkuta wa miaka 21 aliyekwisha kukabili wapigaji wa chuo. Msichana wa miaka 17 hashindani tena na rika lake peke yake.

Tusipolipia timu ya kusafiri, nani atamwona?

Hoja hii ina uzito. Msimu wa chuo huanza Februari na kuishia Juni, na katika majimbo mengi sekondari nazo hucheza majira hayohayo ya machipuko, kwa hiyo kocha hana nafasi ya kwenda kwenye mechi za shule. Huwatazama wasichana kwenye mashindano ya kiangazi, na huko hufika timu za kusafiri, zenye ada, nauli, hoteli na mwalimu wa kurusha anayelipwa kwa saa.

Ila mtazameni kocha huyo kazini. Ameketi kwenye kiti cha kukunja nyuma ya wavu, kifaa cha kupimia mwendo wa mpira mkononi, karatasi pajani. Karatasi ina majina aliyokuja nayo. Anatazama mizunguko miwili, anaangalia msichana aliyekosa kupiga anarudi vipi kwenye benchi, kisha anabeba kiti kwenda uwanja wa pili. Amekuja kuhakikisha anachokijua. Kwa hiyo video fupi, matokeo ya darasani na ratiba ya mechi vitangulie kwa makocha wa vyuo mnavyovimudu, vinavyopungukiwa na nafasi anayocheza, ndipo mkate tiketi. Mashindano manne yaliyochaguliwa hivi yanashinda kumi ya kubahatisha. Mialiko ya kambi za vyuo nayo isiwapumbaze: kwa kanuni za NCAA kambi hizo lazima ziwe wazi kwa yeyote, na kwa kocha ni chanzo cha mapato.

Kocha ameshatuahidi nafasi kwa mdomo. Tutulie?

Hapana. Ahadi ya mdomo haimfungi yeye wala ninyi. Zamani watoto wa miaka 13 na 14 walikuwa wakiahidiwa nafasi vyuoni kwa mdomo, mpaka 2018 NCAA ilipozuia mazungumzo ya usajili kabla ya Septemba 1 ya mwaka wa tatu wa sekondari. Tangu hapo simu huanza kulia usiku wa manane tarehe hiyo, na anayepigiwa simu ya kwanza hutamani kukubali kabla hakujakucha. Ulizeni kwanza: ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Akiumia bega, je? Kocha, wewe ukihama, nani ataheshimu haya? Mwombeni ajibu kwa maandishi kabla binti hajavikataa vyuo vingine.