Sadaka ya Tajiri na Haki ya Maskini

Ndugu msomaji, je, tajiri atoaye sadaka nyingi amekwisha timiza haki? Tazama habari za Andrew Carnegie, mzaliwa wa Uskoti, aliyetajirika kwa viwanda vya chuma huko Marekani. Mwaka 1889 aliandika kwamba mali kukusanyika mikononi mwa wachache kuna manufaa kwa wanadamu, ila tajiri anapaswa kuigawa angali hai. Naye aligawa kweli: alitoa fedha za kujenga maktaba zaidi ya 2,500.

Lakini mwaka 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wakuu walitaka kupunguza ujira. Wafanyakazi walifungiwa nje, damu ikamwagika, na chama chao kikavunjika.

Kosa li wapi? Carnegie alimfanya tajiri kuwa mwamuzi wa nani apewe, na lini. Islam haikatazi biashara wala faida, Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe alifanya biashara. Lakini Kurani Tukufu inafundisha kwamba mwombaji na aliyenyimwa wana haki katika mali ya mwenye nacho, na kwamba mali isizunguke baina ya matajiri tu. Kwa hiyo Zaka ni faradhi, riba ni haramu, na ujira wa kibarua haucheleweshwi.

Basi, ndugu, kabla hujahesabu sadaka uliyotoa, hesabu kwanza haki za watu zilizo mikononi mwako. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.