Mke Akiwa Mja Mzito, Kazi Yake Isipotee



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo waume wengi huliona kuwa la mke peke yake: mke aliyeajiriwa anaposhika mimba.

Huku kwetu Manyatta, kutoka Kairuri hadi mjini Embu, bonasi ya majani chai haiji kila mwezi. Kinachokuja kila mwezi ni mshahara wa mama, awe karani, mhudumu wa hoteli au muuzaji wa duka. Tumbo likianza kuonekana, tajiri hubadilika. "Nenda upumzike, tutakuita," husema, na mwito hauji. Basi wengine hufunga tumbo kwa leso na kuinua mizigo mizito ili wasijulikane. Mtoto mliyemwomba Mungu amekuwa siri ya kufichwa. Hapo ndipo lile jaribu baya, la kuitoa mimba, hupata mlango.

Mume naye husema, "Kama wamekufukuza, kaa nyumbani." Pengine asema kwa mapendo, lakini amemsamehe tajiri upesi mno. Swali lake la kwanza liwe: "Wamekupa barua?"

Chini ya sheria ya 1976 mama alipewa miezi 2 ya likizo ya uzazi, akapoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa miezi 3 kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi. Akirudi, arudi katika kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo duni. Mimba si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, huitaja mimba waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Naye Papa Yohane Paulo II alikwisha kufundisha mwaka 1981, katika Laborem Exercens, kwamba kazi ipangwe hivi kwamba mwanamke asilazimike kuiacha nafasi yake katika familia ili apate maendeleo.

Msidhani haya ni maneno ya karatasi tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda ilisikiliza kesi ya mama mmoja dhidi ya Bank of Africa, ikaona kwamba alibaguliwa kwa ajili ya uja uzito, ikaamuru alipwe fidia. Tena katika mashtaka ya ubaguzi ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu mnyonge.

Kwa hiyo kaeni mezani wawili, mwandike barua. Itaje tarehe ya kuanza likizo na kwamba mama atarudi kazini. Ifike walau siku 7 kabla, nanyi mbaki na nakala. Tajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, apewe. Akimfuta, nendeni kwa Afisa wa Leba kabla ya miezi 3 kupita. Kwa kesi mahakamani sheria huruhusu miaka 3.

Mama anayelipwa kila jioni asijitoe. Kibarua akifanya kazi mfululizo miezi 2 au zaidi, sheria humhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki zake.

Baba uliyeajiriwa, nawe una wiki 2 za likizo kwa mshahara kamili mke anapojifungua. Ni za kuteka maji na kupika uji, si za kushinda sokoni!

Kabla hamjafunga ukurasa huu, mtazameni yule msichana anayewalelea watoto. Ameajiriwa, nanyi ndio tajiri wake. Akija asubuhi moja na habari ya mimba, sheria ni ile ile: miezi 3, mshahara, na nafasi yake imngoje. Hesabuni tangu sasa, mume na mke, fedha hizo zitatoka wapi, na nani atawasaidia mpaka arudi.