Mbegu Kwanza: Kupanga Bustani ya Septemba Wakati wa Kiangazi

Jamaa zetu waliotoka Fizi, wakapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na hatimaye wakahamia Marekani, wanaijua baridi inayogandisha ardhi mpaka jembe lisiingie. Huko mkulima hana la kufanya miezi hiyo ila kukaa na kupanga. Sisi kiangazi chetu, kinachoanza katikati ya mwezi wa sita na kuisha karibu na katikati ya mwezi wa tisa, hakitulazimishi kukaa. Kuna vichaka vya kufyeka, matofali ya kuchoma, ndagala wa kuanika, na bustani za mabondeni za msimu C zinazodai maji asubuhi na jioni. Kwa hiyo mpango wa msimu A, ule wa Septemba, huachwa hadi wingu la kwanza litokee juu ya milima ya Itombwe, na wakati huo kila mtu anatafuta mbegu siku moja. Nashikilia kwamba bustani ya Septemba huamuliwa mwezi wa saba, na kwamba jambo la kwanza kuamua ni mbegu. Mpangilio wa matuta na tarehe ya kupanda vifuate baadaye.

Sababu ya kwanza iko sokoni. Maharage na karanga za msimu B huvunwa kati ya mwezi wa tano na wa sita, na bei hushuka kwa kuwa kila nyumba inauza. Septemba hali hugeuka: akiba imeliwa, wanaonunua chakula na wanaonunua mbegu wanagombea gunia lile lile, na bei hupanda. Aliyeuza yote mwezi wa sita atanunua mbegu yake mwenyewe kwa bei kubwa zaidi, tena bila kujua imetoka shamba gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Bustani ya mita 10 kwa 10, ukiacha sentimeta 40 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, ina mashimo kama 1,250. Ukiweka punje mbili kila shimo unahitaji punje 2,500, na kwa maharage ya ukubwa wa kawaida hiyo ni kilo moja hivi. Mtu akishajua kwamba anachotakiwa kuficha ni kilo moja au mbili, si nusu gunia, kuiweka mbegu kando huwa jambo linalowezekana hata kwenye nyumba yenye watoto wengi.

Lakini kuficha hakutoshi, kwa sababu kuna mdudu anayepanga kalenda yake vizuri kuliko sisi. Kidudu wa maharage huanza kutaga mayai tangu ganda lingali shambani, kwa hiyo tunambeba wenyewe hadi nyumbani ndani ya mavuno. Katika joto la huku Baraka, kando ya ziwa, kizazi kimoja huchukua kama mwezi mmoja. Kuanzia mavuno ya Juni hadi kupanda Septemba vizazi viwili au vitatu vinapita, na punje iliyobaki ni ganda lenye unga. Mimina maharage kwenye sinia jeupe uyaangalie karibu. Ukiona doa la mviringo lenye rangi ya moshi, ngozi ikiwa bado haijatoboka, ujue mdudu yuko nyuma yake na atatoka siku chache zijazo. Punje za namna hiyo zipikwe leo. Zinazobaki zianikwe tena, kisha zipimwe ukavu kwa chumvi: tia punje chache na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado zina unyevu. Zikikauka kweli, jaza kibidoni safi hadi mdomoni, ufunge kifuniko kwa nguvu, na usifungue hadi wakati wa kupima uotaji mwishoni mwa mwezi wa nane. Wadudu waliobaki humaliza hewa iliyomo na kufa. Asiye na kibidoni achanganye mbegu na majivu makavu yaliyochungwa, na asiyaonee choyo, maana majivu kidogo humruhusu mdudu kupita. Karanga ni rahisi zaidi: ziache na maganda yake, uzibanje siku chache tu kabla ya kupanda.

Mihogo inataka hesabu nyingine, kwa sababu fimbo haikai kwenye kibidoni. Miti iliyokatwa hudumu wiki chache tu kivulini, ikisimamishwa wima, hivyo haifai kuikata Julai kwa ajili ya Oktoba. Kinachofanywa mapema ni kuchagua mashina. Pita shambani mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado yapo, ufunge kamba kwenye mashina ambayo majani yake hayajajikunja wala kuwa na mabaka ya njano ya batobato. Nasisitiza mapema kwa sababu ukame ukizidi mihogo hupukutisha majani, na mashina yote hufanana. Halafu usiamini majani peke yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao umeenea katika mashariki ya nchi yetu, unaweza kukaa kwenye mti wenye majani ya kupendeza huku chini mizizi ikiwa na uozo mkavu wa kahawia. Kwa hiyo chimba mzizi mmoja wa kila shina ulilolifunga kamba na uukate vipande. Ukiwa mweupe hadi katikati, shina hilo ni la mbegu. Ukiwa na mabaka, fungua kamba yako. Kwa sombe majani hayo bado yanafaa, ila fimbo zake usimpe hata jirani.

Baada ya mbegu ndipo ardhi, na hapa Baraka na Fizi-centre haziwezi kutumia karatasi moja. Kule juu tatizo ni mteremko: mvua kali za mwanzo hubeba udongo uliochomwa na kubaki mtupu, kwa hiyo mabaki ya mahindi na maharage yalazwe kukinga mteremko badala ya kutiwa moto. Huku chini tatizo ni ziwa. Tanganyika hupanda hadi kilele chake karibu mwezi wa nne au wa tano, kisha hushuka taratibu hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na mwaka 2021 na 2024 lilipanda kupita mazoea, likaingia nyumbani na mashambani mwa watu. Kipande cha ufukweni kinachoonekana kikavu Septemba ni cha kuazima. Lenga-lenga (mchicha) huvunwa baada ya wiki tatu au nne, basi zipewe ufukwe. Muhogo unaokaa mwaka mzima lazima ukutane na kilele cha ziwa, na haupandwi hapo. Nyanya nazo ziulizwe swali moja: mwaka jana hapo palikuwa na nini? Kama palikuwa na nyanya, biringanya au pilipili iliyonyauka ghafla ingali kijani, tumbukiza kipande cha shina la mti ulionyauka kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka pale ulipokata, bakteria wa mnyauko wamo, na udongo huo usipewe jamii hiyo kwa misimu kadhaa.

Najua jibu la wengi: mvua haisomi karatasi. Ni kweli, na ndiyo maana mpango mzuri hauandiki tarehe, huandika alama. Mvua moja ya mwishoni mwa Agosti hulowesha vumbi na kuondoka, ikiacha mbegu zilizochipuka zife. Chimba urefu wa kiganja: udongo ukiwa na unyevu hadi chini na ukishikamana ukiufinya, panda nusu ya mbegu, na nusu nyingine iingie wiki moja au mbili baadaye. Lakini hayo yanawezekana kwa mwenye mbegu tu. Anayenunua kopo moja siku ya mvua hana nusu ya pili. Wengine husema wazee wetu hawakuandika wala kuhesabu. Wazee walilima ardhi waliyoijua tangu utoto. Hesabu yao ilikuwa kichwani. Leo wengi wanalima kipande cha kukodi mjini, au wamekimbia kijiji chao na kulima kwa mwenyeji asiyewaambia mwaka jana palipandwa nini. Kumbukumbu iliyopotea hivyo inahitaji daftari.

Pingamizi zito kuliko yote ni vita. Kwa nini mtu apange msimu wakati anaweza kukimbia kabla ya palizi? Sina jibu la kuifuta hofu hiyo, kwa kuwa ina msingi, kuanzia Minembwe kule milimani hadi ufukweni. Nasema tu kwamba hofu yenyewe ibadilishe mpango badala ya kuufuta. Gawa mbegu mara mbili, sehemu moja ikae kwa ndugu wa kijiji kingine. Yanayoiva haraka, yaani lenga-lenga, matembele na maharage mafupi, yachukue nafasi kubwa karibu na nyumba. Mbegu za lenga-lenga ni ndogo sana: zile za bustani nzima huingia kwenye kichupa cha dawa, na kichupa huingia mfukoni. Muhogo uwekwe mbali na barabara, kwa kuwa unaweza kumngoja mwenyewe ardhini miezi mingi baada ya kukomaa.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, kabla ya kuandaa matuta, toa punje 100 kwenye kila kibidoni, uzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu na uzihesabu baada ya siku saba. Zikichipuka 80 au zaidi, panda kama ulivyokusudia. Zikiwa 60, ongeza punje moja kila shimo. Zikishuka chini ya 50, bado zimebaki wiki mbili au tatu za kutafuta mbegu nyingine kwa majirani kabla soko halijachangamka.