Shampuu kavu haisafishi kichwa

Je, shampuu kavu yaweza kuchukua nafasi ya maji? La. Wanga uliomo hunyonya mafuta tu. Jasho na uchafu hubaki.

Anayefaidika zaidi ni mwenye nywele laini zenye mafuta. Apulizie kwenye mizizi, mkebe ukiwa umbali wa sentimita 20 hivi, angoje dakika mbili kisha achane. Nywele za kipilipili kwa kawaida ni kavu, na unga huzikausha zaidi hata zikakatika. Aliyesuka aoshe ngozi ya kichwa kwa shampuu iliyozimuliwa kwa maji, kisha aikaushe vyema.

Mikebe ya kupuliza hushika moto haraka. Iweke mbali na jiko. Mwaka wa 2022, kampuni ya Unilever iliondoa baadhi ya mikebe yake sokoni Marekani kwa hofu ya benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani ya damu. Afadhali basi ile ya unga wa kunyunyiza.

Kichwa kikiwasha, kikitoa usaha au nywele zikinyonyoka, usifunike kwa unga. Huenda ni mapunye, ambayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Muone daktari mapema, kabla kovu halijazuia nywele kuota tena.