Baba anataka kuuza kiwanja nikasome Ulaya

Yaya,

Nina miaka 26, naishi na wazazi hapa Muhumba, Bukavu. Nina lisanse ya uchumi. Kazi yangu ni kukusanya takwimu: mashirika yakinihitaji napanda Walungu au Kamituga na tableti, nawauliza watu maswali yaliyotungwa Ulaya, kisha majibu yanaondoka na hatuyaoni tena. Sasa nimekubaliwa kusoma masta ya uchumi wa maendeleo Ubelgiji, ila sikupata burse. Baba anasema atauza kiwanja chetu cha Panzi. Mama analia, maana wadogo zangu wawili bado wako shuleni. Baba mdogo naye anauliza: "Tangu lini umaskini wetu ukafundishwa Ulaya?" Niende au nibaki?

Mkusanya takwimu, Muhumba

Mdogo wangu,

Hongera kwa kukubaliwa. Nataka uende. Lakini usikubali kiwanja kiuzwe.

Ada ni mwanzo tu wa gharama. Ili upewe viza ya masomo, Ubelgiji itakudai uthibitisho kwamba una fedha za kuishi huko mwaka mzima, au mdhamini anayebeba jukumu hilo. Bado kuna tiketi, bima na kodi ya chumba. Fedha zikikata katikati ya mwaka, nani atakutumia? Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 na benki zikafunga, unajua mwenyewe familia zimepata fedha kwa taabu gani. Kiwanja kile ni karo ya wadogo zako na ni uzee wa mama yako. Ukisoma huku ukijua umewanyang'anya hayo, hutasoma kwa amani.

Kwa hiyo andikia chuo leo, uliza kama nafasi yako inaweza kusogezwa hadi mwaka ujao. Kisha tafuta burse kwa nguvu zote. Burse za VLIR-UOS za Ubelgiji zipo kwa ajili ya nchi kama yetu, na hulipia ada, safari, bima na posho. Taasisi ya sera za maendeleo ya Chuo Kikuu cha Antwerp, IOB, hupokea wanafunzi wa burse hizo, na imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu kwa miaka mingi. Wapo walimu mjini wanaoijua njia hiyo. Wafuate, wakusomee barua yako ya maombi. Masomo ya Antwerp ni kwa Kiingereza, basi mwaka huu uwe wa Kiingereza na hesabu za takwimu. Ukiona Kiingereza ni mlima, Clermont-Ferrand, Ufaransa, kuna CERDI, kituo cha uchumi wa maendeleo kilichoanza mwaka 1976. Na Makerere nako ni ng'ambo: Kampala unafika kwa basi.

Baba mdogo usimkasirikie. Swali lake ni la haki na linataka jibu. Mweleze habari ya madini ya koltani. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla duniani, na watu wenye silaha wakajikita kwenye machimbo yake. Gunia la koltani ni zito, halipiti njiani bila kuonekana, hivyo lilitozwa kodi palepale shimoni. Dhahabu mchimbaji huificha mwilini akapita. Kwa hiyo waliotaka kodi ya dhahabu walimfuata kijijini, anakolala na kutumia fedha zake. Mchumi Raúl Sánchez de la Sierra aliyachambua haya kwa takwimu za vijiji vya Kivu, akayachapisha mwaka 2020. Wachimbaji wetu waliyajua hayo kwa macho. Kinachofundishwa chuoni ni namna ya kuyapima na kuyathibitisha, hata yule anayepanga sera akose pa kukwepea.

Na hilo la majibu kuondoka, si lako peke yako. Mwaka huohuo wa 2020 kilitoka kitabu *Bukavu Series*, ambamo watafiti wa huku, na Emery Mudinga wa chuo cha ISDR miongoni mwa wahariri, walisema wazi jinsi anayepanda milima kukusanya habari anavyosahauliwa jina lake. Kitafute ukisome kabla ya kuandika maombi yoyote.

Kwa Baba, nenda mama yako akiwepo. Mshukuru kwanza, maana mzazi anayekubali kuuza ardhi kwa ajili ya binti yake amekupa heshima kubwa. Kisha umwombe kitu kimoja: akupe mwaka mmoja wa kutafuta burse bila kukuharakisha.

Katika barua ya burse, usiandike kwamba unataka "kusaidia nchi yangu". Kila mtu huandika hivyo. Bila shaka kuna jambo ambalo wanawake wa Walungu wamekuwa wakikueleza na kwenye tableti halikuwa na nafasi ya kuandikwa. Lifanye hilo kuwa swali lako la utafiti, na ulitaje kuanzia mstari wa kwanza.